Shirika Linadaiwa Nini na Mtu Anayejitolea

Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali, hasa yale madogo ya wilayani yenye watumishi wanne au watano wa kuajiriwa, husimama kwa nguvu za watu wa kujitolea. Hao ndio wanaowatembelea wagonjwa majumbani, wanaosimamia vikundi vya vijana na kukaa na watoto siku ya Jumamosi katika vituo vya kusomea, na mara nyingi mtaani wanajulikana kwa majina kuliko mkurugenzi mwenyewe. Hata hivyo, malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa waratibu ninaowashauri hayabadiliki: watu waliitwa, wakafundishwa siku tatu, wakapewa fulana na vyeti, kisha baada ya miezi michache wakaanza kupungua mmoja mmoja bila kuaga. Mratibu huhitimisha kwamba moyo wa kujitolea umekwisha, au kwamba vijana wa siku hizi wanataka fedha tu. Sikubaliani na hitimisho hilo. Nikiuliza maswali machache, karibu kila mara ninakuta kwamba shirika liliwaita watu kabla halijajua litawapa kazi gani, nani atawaongoza, na nauli yao italipwa na nani.

Moyo wenyewe upo, nao una mizizi mirefu. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa Upareni na maeneo jirani ya Kilimanjaro na Tanga umechimba mifereji na kujenga madarasa, harambee imejenga shule nyingi nchini Kenya, na nchini Rwanda watu hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini shirika lisijidanganye kwamba mazoea haya yatalifanyia kazi yake. Anayekwenda kwenye msaragambo anachimba mfereji ambao maji yake yatafika shambani kwake, na asipokwenda majirani watamuuliza na pengine atatozwa faini. Umuganda nao ni wajibu wa kisheria. Mtu anayejitolea katika shirika hana mfereji wake pale, wala hakuna wa kumtoza faini. Amekuja kwa hiari na anaweza kuondoka kwa hiari, kwa hiyo kinachomshikilia ni namna anavyotendewa, na jambo hilo liko mikononi mwa shirika.

Kazi ya kwanza, basi, hufanyika kabla ya tangazo lolote kutoka. Mratibu akae na wenzake waandike, kwa Kiswahili ambacho mtu wa mtaani atakielewa, kazi yenyewe ni ipi, itachukua saa ngapi kwa wiki, kwa muda wa miezi mingapi, itafanyika wapi, na nani atakuwa msimamizi. Karatasi moja inatosha. Ikiwa shirika haliwezi kuijaza karatasi hiyo, bado halijawa tayari kumwita mtu yeyote, na ni heri lisubiri kuliko kukusanya watu arobaini ambao watakaa wakisubiri kupangiwa la kufanya. Kusubiri bila kazi huwaondoa watu haraka kuliko kazi ngumu.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo penye ukungu mwingi zaidi, na ukungu huo huwaumiza watu maskini. Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichozaliwa Geneva mwaka 1863 baada ya Henry Dunant kushuhudia majeruhi wa vita vya Solferino, nchini Italia, wakihudumiwa na wanawake wa mji wa jirani, kina misingi saba iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, na mmoja wao ni huduma ya kujitolea isiyosukumwa na tamaa ya kupata faida. Mashirika mengi yameuchukua msingi huu kama kisingizio cha kutolipa chochote. Kutotafuta faida si sawa na kupata hasara. Mama anayefunga genge lake saa nne asubuhi ili kwenda kumwona mgonjwa amekwisha kupoteza mauzo ya siku. Akilipa pia nauli ya bodaboda, akanunua bando la kutuma taarifa na kula mchana kwa fedha yake, basi ni yeye anayelifadhili shirika, na si mfadhili anayetajwa kwenye bango. Gharama hizo ziingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kuandika andiko la mradi, na zilipwe kwa tarehe inayojulikana. Nimeona watu wenye subira kubwa wakikata tamaa kwa nauli ya miezi mitatu iliyocheleweshwa, ingawa kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa; kilichowauma ni kulazimika kuuliza kila wiki kana kwamba wanaomba.

Mashirika yanayofanya kazi katika kata moja yanapaswa pia kuzungumza kuhusu viwango. Moja likitoa posho kubwa kwa siku ya mafunzo na lingine likatoa nauli peke yake, watu watahama, na hawapaswi kulaumiwa kwa kuhama. Kikao kimoja pamoja na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kinaweza kuliondoa tatizo hilo kwa mwaka mzima.

Kuna mpaka, hata hivyo, ambao ukivukwa neno kujitolea halifai tena kutumika. Mtu anayefika Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, akipangiwa kila anachokifanya na kuitegemea posho hiyo kwa kula na kulala, anafanya ajira kwa jina lingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaorodhesha dalili ambazo zikiwapo mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, zikiwamo kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa za kazi, na kumtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Sekta ya afya ya jamii imejifunza somo hili kwa njia ndefu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliopendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa na mafunzo yao, na wawe na makubaliano ya maandishi. Kenya, ambayo kwa miaka mingi iliwaita watu hawa volontia wa afya ya jamii, Septemba 2023 ilizindua kundi la zaidi ya 100,000 kwa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii, wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya shilingi za Kenya 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na Serikali ya Kitaifa na kaunti. Tanzania nayo, Januari 2024, ilizindua mpango jumuishi unaolenga wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa, katika kipindi cha miaka mitano. Mabadiliko haya hayamaanishi kwamba kujitolea kumekufa. Yanamaanisha kwamba mzigo ulikuwa mkubwa mno kwa jina uliokuwa nalo, na kila shirika lijiulize kama lina mzigo wa namna hiyo ndani ya miradi yake.

Hapa lazima nimtaje kijana aliyemaliza chuo, kwa sababu yeye ndiye anayedanganywa zaidi. Kwake kujitolea mara nyingi ni chumba cha kusubiria ajira, na hilo si kosa. Ni haki yake kutafuta uzoefu na kujulikana. Kosa liko upande wa ofisi inayomwambia kwamba itamkumbuka nafasi zikitokea, ikijua kabisa kuwa mradi unaisha mwezi Juni na hakuna fedha nyingine. Maneno hayo mepesi hugharimu mwaka wa maisha ya mtu. Shirika liseme mapema, na liandike, kwamba nafasi hiyo si ahadi ya ajira, kisha limpe kile ambacho kweli linaweza kumpa: ujuzi halisi wa kutunza takwimu, kuendesha mikutano au kuandika ripoti, mtu wa kumdhamini anapoomba kazi kwingine, na barua inayoeleza kwa undani alifanya nini, tangu tarehe ipi hadi ipi, na kwa kiwango gani. Cheti chenye maua pembezoni kinachosema tu kwamba fulani alishiriki hakimsaidii mbele ya mwajiri.

Katika kuwapata watu, tabia ya kumpigia simu mtendaji na kuomba majina kumi ni ya haraka, lakini huleta majina ya ndugu na jamaa. Tangazo litolewe kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, kanisani na msikitini, kwenye ubao wa zahanati na katika makundi ya simu, likiwa na masharti yaliyo wazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 nilioutaja hapo juu unasisitiza kwamba mtu atoke katika jamii husika na akubalike nayo, na unashauri umri na hali ya ndoa visitumike kama kigezo. Ninaliunga mkono pendekezo hilo kwa nguvu zote, maana bado kuna mashirika yanayowakataa wanawake wasioolewa au kuwaona wazee kuwa wamechoka, wakati wazee ndio wenye muda na ndio wanaoaminiwa kuingia katika kila nyumba.

Kila anayeomba azungumzwe naye ana kwa ana, hata kwa dakika ishirini, na aulizwe kwa nini anataka kazi hii. Pale kazi inapohusu watoto, mazungumzo hayatoshi. Shirika lipate wadhamini wawili wasio ndugu zake, liulizie alikotoka kabla ya kuhamia hapo, na liweke kanuni isiyo na ubaguzi kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mtu mwema hatachukizwa na kanuni hiyo akielezwa sababu yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo kila anayejitolea afundishwe siku ya kwanza aende kwa nani na apige simu gani. Vilevile afundishwe kutunza siri. Daftari la ziara linaloandika nani anatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, likiachwa kwenye kiti cha daladala, linaweza kuvunja nyumba ya mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023 shirika haliwezi kusema kwamba hilo ni kosa la volontia peke yake.

Baada ya mafunzo ndipo kazi ya mratibu inapoanza, ingawa wengi huiona kuwa imekwisha. Mratibu mmoja aliyepewa watu sitini hataweza kuwaongoza. Atabaki kuwakusanyia fomu. Ni bora watu wachache wanaotembelewa kuliko wengi wanaohesabiwa. Msimamizi afuatane na kila mmoja wao nyumba kwa nyumba mara kwa mara, amwone anavyozungumza na mgonjwa, amsahihishe kwa upole wakiwa wawili tu, na awaulize pia wanaohudumiwa. Mkutano wa kila mwezi usiwe wa kupokea takwimu tu. Takwimu walizoleta mwezi uliopita zirudishwe kwao zikiwa zimepata maana: nyumba zipi hazina choo, watoto wangapi wamepata chanjo baada ya kufuatiliwa, na ofisi imefanya nini kuhusu kisima walichokitaja. Tarehe 5 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu mwaka 1985 kuwa siku ya kimataifa ya kujitolea, ina nafasi yake, na keki na hotuba hazina ubaya. Lakini heshima ambayo watu huikumbuka ni kuona taarifa yao imesomwa na ikaleta jambo.

Zaidi ya hayo kuna uchungu ambao haumo kwenye fomu yoyote. Mwanamke aliyemhudumia jirani kwa mwaka mzima, akamwogesha, akamlisha, kisha akafiwa naye, hatakiwi kupelekewa jina la mgonjwa mwingine wiki hiyo hiyo. Apewe nafasi ya kwenda msibani kama mfiwa, apumzishwe, na awepo mtu wa kumsikiliza. Anayesafiri kwa bodaboda kwa kazi ya shirika naye ajulishwe nini kitatokea akianguka. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mpango wa bima ya ajali kwa watu wa kujitolea. Shirika dogo lisiloweza bima linaweza angalau kumlipia mtu huyo bima ya afya, au kutenga fungu la matibabu lenye utaratibu ulioandikwa, badala ya kupitisha kofia siku ya ajali.

Watu wataondoka, na kuondoka si usaliti. Wengine hupata kazi, wengine huolewa mbali, wengine huchoka. Mratibu akae na kila anayeaga, amuulize ni nini kilichomfanya aende na ni nini angependa kibadilike, kisha aandike majibu hata yasiyopendeza. Mradi unapofika mwisho, taarifa iwafikie wanaojitolea miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu wao ndio watakaobaki wakiulizwa mlangoni baada ya gari la ofisi kuondoka. Wakae na msimamizi wapitie orodha ya wale wanaowatembelea, jina kwa jina, na kwa kila jina waandike nani ataendelea kufika pale: zahanati, ustawi wa jamii, kikundi cha jirani, au aliyejitolea mwenyewe akipenda, akiwa na barua mkononi inayomtambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa.