Kuchangia WordPress: anza kwa kupima kazi za wenzio

Vijana wanaonifuata inbox wakitaka kujifunza WordPress, programu ya kujengea tovuti, swali lao huwa lile lile, kaka nianze na themu gani (sura ya tovuti), ninunue plagini gani (kiprogramu cha kuongezea uwezo). Mi nawaambia acha kwanza habari za kununua, fungua mafaili yenyewe, si yako wazi? Hii kitu Matt Mullenweg na Mike Little waliianzisha 2003 wakitumia kodi, yaani maandishi, ya programu ya blogu iliyokuwa imetelekezwa, b2, na iko chini ya leseni ya GPL, yaani ruksa kuisoma, kuichokonoa na kugawa ulichobadilisha. Wengi wakisikia GPL wanasikia "ya bure" tu, basi.

Ukishafungua, tafuta huki kabla ya chochote. Ni zile sehemu ambazo WordPress ikiwa kazini inasimama kidogo kuuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Ziko aina mbili. Aksheni inakwambia nimefika hapa, kama una kazi yako fanya. Filta yenyewe inakukabidhi kitu mkononi na inataka ukirudishe. Chukua the_content, filta inayopitia maandishi ya posti kabla hayajatoka kwa msomaji: unaandika fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi moja) ya kubandika namba ya WhatsApp ya duka chini ya kila posti, halafu mwishoni unasahau return, ile amri ya kurudisha. Posti zote zinatoka tupu, kichwa kipo, mwili hamna, na mara nyingi hata meseji ya kosa huioni kwenye skrini. Mteja anapiga simu anapiga kelele site imehakiwa kumbe maandishi yake yote yametulia kwenye database, ni wewe tu hujarudisha ulichopewa. Ukilielewa hili plagini nyingi utazisoma kama gazeti.

Sasa kuchangia. Kila mtu anataka aingie na kodi yake mpya, ndio maana foleni ya pachi (kodi za kurekebisha tatizo) ni ndefu na wapimaji hakuna. Bagi (hitilafu) na mapendekezo mengi ya WordPress yenyewe yanakaa Trac, tovuti ya kufuatilia kazi hizo, na kule kuna tiketi, yaani ripoti moja moja, za miaka na miaka, nyingine mtu alishaleta dawa kabisa ikabaki inasubiri wa kuijaribu. We tafuta zenye alama has-patch (pachi ipo) na needs-testing (inahitaji kupimwa). Zamani hapa ndipo watu wa bando la kuungaunga tulikuwa tunakwama, maana kusimika mazingira ya majaribio kwenye laptopu ni kudownload mavitu kibao, siku hizi kuna WordPress Playground inakimbia ndani ya brauza bila seva, na pachi ikiwa imeletwa kama pull request (ombi la kuingiza kodi) kule GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, unaweka namba yake tu unaijaribu papo hapo.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Kwanza lione tatizo kwa macho yako kabla hujaweka pachi, ukishindwa kulifanya litokee sema hivyo hivyo, hiyo nayo ni taarifa. Kisha weka pachi urudie hatua zile zile. Andika toleo la PHP (lugha ya kodi inayoendesha WordPress), brauza, themu, na plagini zilizokuwa zimewashwa (bora usiwashe hata moja). "Imefanya kazi, asante" haimsaidii mtu. Ila ukiandika kwamba kwenye kompyuta iko poa, kwenye simu kitufe kinajificha nyuma ya menyu, na skrinishoti umeweka, hapo developa ana pa kuanzia.

Na usidhani kazi ya kupima haihesabiwi. Mwenye ruhusa ya kuingiza kodi akiikubali pachi huwa anataja majina ya waliosaidia, wapimaji wakiwemo, na toleo likitoka majina hayo yanaonekana kwenye ukurasa wa Credits ndani ya deshibodi. Mteja akikuuliza CV mfungulie deshibodi ya site yake mwenyewe.