Mume na mke Lemosho: kila mmoja ana kichwa chake

Mimi ni mwongozaji wa wapanda Kilimanjaro, na wageni wanaonichukulia muda mrefu kuliko wote kabla hatujaondoka Moshi ni wanandoa. Hawasumbui hata kidogo. Shida ni kwamba wanatunzana, na mlimani kutunzana huko huficha ugonjwa wa mwinuko.

Chukueni baba na mama mmoja kutoka Mwanza walioamua kusherehekea ndoa yao kwa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho: karibu kilomita 70, siku nane. Njia inaanzia kwenye msitu wa magharibi, inakatiza uwanda wa Shira, inazunguka kusini mwa Kibo, kilele kikuu cha mlima, hadi kambi ya Barafu, na baada ya kilele unashukia Mweka. Zipo njia fupi na rahisi kwa bei, lakini hii inaupa mwili muda, na muda ndio dawa.

Wengi hudhani kule juu hewa ina oksijeni kidogo. Hapana, ni asilimia 21 ileile ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takribani nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni. Mwili hujibu kwa kuhema zaidi na kwa mabadiliko mengine ya polepole, na kasi ya kuzoea hutofautiana mtu na mtu. Mbio na jimu hazikuongezei kasi hiyo. Baba alikuwa mkimbiaji, mama ana duka na mwendo wake ni wa kwenda sokoni. Siku ya Lava Tower, mwamba mrefu ambako tunapanda hadi mita 4,600 hivi kisha tunashuka kulala kambi ya Barranco, aliyekisusia chakula ni baba.

Nikawauliza wanaendeleaje. Mama akawahi: “Hatujambo kaka, mwenzangu amechoka tu.”

Ndiyo maana siwaulizi wanandoa pamoja. Namwita kila mmoja pembeni: kichwa kinauma kiasi gani, umekula nini, umetapika, umelala? Nikiwa na mashaka namtembeza mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba, au anayehema hali amekaa, hasubiri kupambazuke. Anashushwa saa ileile.

Baba alitembea vizuri, ila kichwa kilimuuma. Usiku mama akaja hemani kwangu mbio: mumewe anaacha kupumua! Hili huwatisha wengi wanaolala hema moja. Mtu aliyelala juu sana huweza kunyamaza sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi nzito na kuendelea. Ubongo unakuwa unasawazisha oksijeni na kabonidayoksaidi. Ni kawaida kwenye mwinuko, na peke yake si dalili ya hatari. Tulikaa tukamsikiliza pamoja mpaka mama akaridhika.

Asubuhi tulipanda ukuta wa Barranco, ambako kuna jiwe la kubusu: njia ni nyembamba, unalikumbatia mwamba ili upite. Wagumu, yaani wapagazi wetu, wenye mizigo kichwani waliwasubiri wakitaniana kuhusu nani abusu kwanza.

Mazungumzo mazito nayafanyia kambi ya Karanga, kabla ya Barafu. Swali ni moja: mmoja akigeuka, mwingine anaendelea? Nalitaka jibu pale, mchana, watu wameshiba, kwa sababu usiku wa manane juu ya Barafu, kwenye baridi ile, hakuna anayeamua vizuri. Mama alisema atarudi naye. Baba akakataa katakata. Walibishana mpaka supu ikapoa, mpishi akaleta chai mara mbili. Mwisho wakakubaliana kila mmoja aende kwa hali yake, na kila mmoja awe na mwongozaji wake.

Usiku wa kilele baba alitapika kabla ya Stella Point, ukingoni mwa kreta, akageuka na msaidizi wangu. Mama alifika Stella, mita 5,756, jua likichomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi. Kabla hajaomba maji aliniomba niulize kwenye redio. Jibu likaja: baba yuko Barafu, kichwa kimepungua, anakunywa uji. Kushuka ndiyo tiba ya kwanza. Mama akasimama, tukaendelea hadi Uhuru.

Mkiwa wawili, kabla hamjalipa kampuni yoyote, ulizeni usiku wa kilele mtakuwa na waongozaji wangapi. Wakiwaambia mmoja anatosha, tafuteni wengine.