Amonia ikivuka ukuta wa kiwanda: umwandikie nani, uulize nini

Viwanda vya samaki Kisumu hugandisha minofu ya mbuta kwa mitambo ya amonia. Gesi hii haina ubaya ikikaa ndani ya mabomba. Ikitoka, pua huinasa mapema, lakini ikifikia sehemu 300 katika milioni ya hewa, uhai wenyewe uko hatarini.

Kazi inayoponza mafundi wengi ni kumwaga oili. Oili ya kompresa, mashine inayokandamiza gesi, ni nzito kuliko amonia majimaji, hivyo hutuama chini ya matangi. Fundi hutega ndoo, afungue vali. Oili baridi hutoka polepole kama uji mzito, kisha inaisha ghafla na amonia inafyatuka. Kama vali ni ya kuzungusha kwa mkono, fundi atakimbia aiache wazi, na nani atamlaumu? Ndiyo maana panatakiwa vali ya springi inayojifunga mkono ukiiachia. Usipoiona pale, sidhani mengine yako sawa.

Wengi husema amonia ni nyepesi, itapaa. Sivyo inapovuja ikiwa majimaji: inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na kuwa ukungu mweupe baridi unaotambaa chini. Mchana upepo wa ziwa huusukuma kuelekea makazi. Usiku upepo hugeuka. Kwa hiyo kimbia ukiukata upepo kwa ubavu, usikimbie nao. Wazimamoto nao wanyunyizie ukungu maji, wasimwagie dimbwi la amonia, kwa kuwa maji hulipasha moto na gesi huzidi.

Sasa, nani awajibike? Ndani ya ukuta ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, kwa Sheria ya 2007: ukaguzi wa usalama kila mwaka, na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Nje ya ukuta ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Gari la zimamoto ni la kaunti. Mama anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, mtaani Obunga anavuta hewa ileile, lakini akilalamika hurushwa kama mpira, ofisi hii hadi ile.

Dawa yake ni barua moja kwa Kurugenzi na NEMA kwa pamoja. Usiulize "mnafanya nini kuhusu harufu?" Utajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Uliza ukaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe gani na uliagiza nini, matangi yalipimwa lini na mkaguzi yupi aliyeidhinishwa, kiwandani mna kilo ngapi za amonia, na ikivuja saa nane usiku nani anawaamsha majirani. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: jibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Wakikunyima, nenda Tume ya Haki ya Utawala.

Mahakamani, Ibara ya 70 ya Katiba haikulazimishi uthibitishe kwamba mtu ameshaumia. Na ofisi za serikali zimewahi kubanwa: katika kesi ya sumu ya risasi ya Owino Uhuru, Mombasa, mahakama mwaka 2020 iliwaamuru wadhibiti na kampuni kulipa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Barua iwe na tarehe, saa, upepo ulikotoka na dalili za kila mtu, pamoja na nakala za kadi za kliniki. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani.