Je, wajua kwa nini gemu mpya haziji tena na kijitabu?

Ukifungua kasha la gemu siku hizi unakuta diski, pengine na kikaratasi cha matangazo, basi. Zamani kulikuwa na kijitabu kabisa, kina stori, picha za maadui, batani ipi inafanya nini. Kimeenda wapi?

Jibu lipo kwenye sababu ya kile kijitabu kuwepo. Kaseti ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ilikuwa na KB 128 tu, yaani picha moja ya simu yako inaizidi mbali, sasa maelezo yote yale utayabana wapi humo? Ikabidi yachapwe kwenye karatasi, na ramani juu yake. Wengine wakaenda mbali zaidi. StarTropics ya 1990 ilikuja na barua ya mjomba wake mhusika mkuu, unacheza weee mpaka unafika mahali gemu inakwambia loweka ile barua kwenye maji, unailoweka kweli, ya karatasi, mkononi mwako, na inatokea namba 747 ya kufungulia njia. Aliyenunua kaseti mtumba bila barua amekwama hapo hapo. Metal Gear Solid ya 1998 nayo ilificha namba 140.15, ya redio unayoihitaji ili uendelee, nyuma ya kasha la sidii, na sisi tuliokuwa tunacheza sidii za kukopi, zile za mfuko wa nailoni, hilo kasha tungelitoa wapi jamani!

Af diski zikawa kubwa, maelezo yakahamia ndani ya gemu yenyewe, levo ya kwanza inakufundisha kuruka na kupiga hukuhuku unacheza. Intaneti nayo ikaleta apdeti, na kijitabu kinapelekwa kiwandani mapema, kwahiyo apdeti moja tu ikibadilisha mambo, kilichochapwa kishakuwa uongo. Ongeza gharama ya kuchapa na kutafsiri, kule Ulaya kijitabu kimoja kilibeba hadi lugha tano sita.

Aprili 2010 Ubisoft, kampuni ya kutengeneza gemu, wakatangaza wanaacha vijitabu vya karatasi kwenye gemu za mashine za PS3 na Xbox 360, wakasema ni kwa ajili ya mazingira. EA, kampuni nyingine kubwa ya gemu, wakafuata 2011. Mimi naona mazingira yamo lakini hela imo zaidi, maana msitu ungeweza kuokolewa hata kwa kuchapa kurasa chache.

Na kitu kizuri kimepotea kweli, kile kijitabu kilikuwa sehemu ya gemu, unakisoma njiani kabla hata hujafika kwenye TV. Gemu ya Tunic ya 2022 imelielewa hilo vizuri sana, kurasa za kijitabu unaziokota moja moja ndani ya gemu, zimeandikwa kwa maandishi ya kubuni na unabaki kukisia kwa michoro.

Ukiwa na gemu ya zamani isiyo na kijitabu chake, ingia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, andika jina la gemu na la mashine yake, watu wameskani vijitabu kibao wakaviweka humo bure, vya PS2 vya Marekani ndo usiseme.