Kabla fundi hajavuta kamba uwanjani

Jumatatu moja ya Novemba 2021 nilifika shuleni mapema nikakuta kamba ya fundi imekatiza katikati ya boksi la goli la kaskazini. Vigingi vinne vimeshapigwa, kamba imekazwa, na chokaa imemwagwa kuonyesha mahali msingi utakapochimbwa. Fundi yule namheshimu, binti yake nimemfundisha. Nikamwuliza, "Fundi, ndiyo hapa?" Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nimeonyeshwa hapa. Lori la mchanga linafika mpaka msingini, na hakuna mti wa kukata."

Maneno yake sijayasahau, maana yanaeleza kwa nini viwanja vya shule zetu vinakwisha kimya kimya huku shule zenyewe zikikua. Mimi ni mwalimu wa michezo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba katika shule za kata za mkoa wa Mtwara, na mara kadhaa nimekaa kwenye jopo la kuchagua timu ya wilaya ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Walimu wenzangu wakinipigia simu huniuliza kuhusu mazoezi na mifumo ya uchezaji. Mimi nataka kwanza tuzungumze kuhusu ardhi.

Mwaka ule nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na sehemu ya fedha ikapelekwa kwenye madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, kila moja shilingi milioni 20. Yalitakiwa yawe tayari kwa kidato cha kwanza cha Januari 2022. Kwetu ilikuwa faraja ya kweli, tulikuwa tumebanana mno. Lakini angalieni kazi yenyewe inavyokwenda. Fedha inaingia akaunti ya shule, kamati ya ujenzi na ya manunuzi zinaundwa, fundi wa hapa hapa anapewa kazi, kisha kila baada ya siku chache mkuu wa shule anaulizwa amefika wapi: msingi, lenta, kupaua. Katika haraka hiyo nani atakwenda kupima mteremko wa nyuma ya jiko? Uwanja ni tambarare, umeshafyekwa, una njia ya lori, na hauna mkorosho wa mtu wa kulipiwa fidia. Katika hesabu za ujenzi hakuna eneo rahisi kuushinda. Simlaumu fundi, wala mkuu wa shule aliyekuwepo. Kama uwanja haukuandikwa popote, basi mbele ya kamati ni eneo lililo wazi.

Sisi tulipoteza boksi zima la kaskazini. Ilibidi tuugeuze uwanja. Hapo nikajifunza kwa gharama kitu ambacho nilikisoma chuoni nikakipita: kiwanja hulazwa kaskazini kwenda kusini ili jua la jioni limpige mchezaji ubavuni. Chetu sasa kimelala mashariki kwenda magharibi. Mechi zetu zinaanza saa kumi, na kuanzia saa kumi na moja kipa wa goli la mashariki anacheza kiganja kikiwa juu ya nyusi. Mpira wa juu akiupokea, ameupokea kwa kukisia. Tumefungwa mabao mawili ya namna hiyo katika mechi za kata, na watoto walimzomea kipa ambaye hakuwa na kosa.

Tumefikaje hapa? Shule nyingi za kata zilianza na MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wa mwaka 2004 na kuendelea: mikondo miwili, walimu wachache, na eneo kubwa lililotolewa na wananchi. Kisha Januari 2016 ada ikafutwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Watoto waliokuwa wanabaki nyumbani baada ya darasa la saba wakaja. Na Mtwara yenyewe ilikuwa inabadilika: bomba la gesi kutoka Mnazi Bay lilifika Dar es Salaam mwaka 2015, kiwanda cha saruji cha Dangote kikaanza mwaka huo huo, na miaka ya karibuni malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka bandarini usiku na mchana. Kila kazi inaleta familia, na kila familia ina mtoto wa kuandikisha. Daftari langu la mahudhurio, ambalo zamani lilikuwa na majina ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao karibu yote, sasa lina Wangoni, Wanyakyusa, Wachaga, Wasukuma.

Uwanjani ndipo ninapoyaona mabadiliko hayo vizuri. Miaka michache iliyopita alikuja kijana wa kidato cha tatu, baba yake fundi wa malori, katokea Mbeya. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyemwita kwa jina. Beki wetu wa kati, mtoto wa Nanyamba hapa hapa Mtwara, alikuwa akimpigia kelele, "Mbeya, rudi! Mbeya, kaba!" Ilipofika mechi ya pili ya kata, yule yule beki alikuwa anamwita kwa jina la nyumbani, lile ambalo mama yake tu ndiye hulitumia. Alilijua kwa sababu walikuwa wanakwenda kula kwao baada ya mazoezi. Sina somo darasani linalofanya kazi hiyo kwa wiki sita.

Lakini shule ikikua, mpira hupungua kwa kila mtoto. Hili watu wengi hawalioni. Tulipokuwa na wanafunzi 160, wavulana walikuwa kama 80, na kikosi cha 18 maana yake karibu mmoja katika kila wanne alivaa jezi ya shule. Leo tuko kwenye 900. Kikosi bado ni 18. Mmoja katika kila ishirini na tano. Timu imekuwa bora zaidi, nakubali, maana nachagua kwenye wengi. Wakati huo huo mamia ya watoto wanamaliza miaka minne wakiwa watazamaji, nao ndio wenye kuvunja vioo na kuruka uzio saa tisa. Shule inayohesabu mafanikio ya michezo kwa vikombe tu haitaliona tatizo hili mpaka limekomaa.

Dawa niliyoipata inatokana na vipimo. Sheria za mpira zinaruhusu kiwanja cha urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Cha kwetu kilichobaki ni 90 kwa 45, kipimo cha chini kabisa. Nikakigawa kwa upana mara tatu, nikapata viwanja vidogo vitatu vya mita 45 kwa 30. Kila kimoja kinachezwa na saba kwa saba, vigoli vya mianzi, vipindi vya dakika kumi na tano. Kwa mara moja wanacheza watoto 42, yaani mkondo mzima wa darasa lenye 40 kama miongozo inavyotaka. Mpira mkubwa ungechukua 22. Kila Alhamisi mikondo miwili inakutana, wavulana na wasichana kwa zamu, na mwamuzi ni mwanafunzi. Nimempata winga wa timu ya wilaya kwenye vigoli vya mianzi, mtoto ambaye hakuwahi kuja kwenye majaribio ya timu kubwa kwa sababu hakuwa na viatu.

Wasichana wanahitaji maelezo yao. Soka la wasichana lipo UMISSETA, na vipaji vipo. Huku kwetu msichana aliyetoka unyagoni anahesabiwa mtu mzima, na kumwona akikimbia kwa bukta mbele ya wazee ni jambo zito kwa familia. Mama mmoja alinijia ofisini akakaa muda mrefu bila kusema, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu simkatazi. Ila mjomba wake akimwona vile, mimi ndiye nitakayeulizwa." Mwalimu mgeni angekwenda kwa baba. Sisi watu wa Kusini tunajua kwamba kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba linaweza kulipita la baba. Nikaenda kwa mjomba, nikampelekea trakisuti ndefu na hijabu ya michezo akaviona kwa macho yake, nikamwalika mazoezini. Alikuja, akasimama chini ya mwembe mpaka mwisho. Fomu zangu za ruhusa ya kambi sasa zina mistari miwili ya sahihi, ya mzazi na ya mjomba. Tangu niweke ule wa pili, hakuna mchezaji aliyezuiwa siku ya safari.

Kalenda nayo ni yetu wenyewe. UMISSETA inaanzia shuleni mwanzoni mwa mwaka, inapanda kata, wilaya, mkoa, na ngazi ya taifa hufanyika katikati ya mwaka. Ndiyo miezi ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Kijana mwenye nguvu za kubeba bomba la kupulizia ndiye huyo huyo beki wangu. Nikipanga mazoezi kila siku nawapoteza wote wawili, mchezaji na mzazi. Kwa hiyo Mei na Juni tunafanya siku tatu kwa wiki, jioni, maana salfa hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Oktoba mpaka Desemba, msimu wa kuokota, sipangi mechi za maana kabisa. Fedha nazo ni nyembamba: ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mpira unasubiri nyuma ya karatasi za mitihani.

Hamasa tunayo. Mwaka 2019 na tena 2021 mashindano ya taifa ya shule yalifanyika hapa Mtwara, na wanafunzi wangu waliona kwa macho yao wenzao wa mikoa mingine wakicheza. Tumeiona Ndanda, timu ya hapa Mtwara, ikipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na msimu wa 2019/20 ikashuka wakati Namungo ya Ruangwa ndiyo kwanza inaingia. Watoto wanajua kwamba njia ipo. Wanachokosa ni mahali pa kuanzia, jioni, karibu na nyumbani.

Sasa narudi kwenye ardhi, kwa sababu kuna mwaka unakuja. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Kila shule ya sekondari Mtwara na Lindi itahitaji vyumba, na kamba za mafundi zitavutwa tena. Pia shule mpya zinajengwa kwenye kata zilizolemewa. Shule mpya ndiyo nafasi bora kuliko zote, kwa sababu siku kijiji kinatoa shamba, kila kitu kinajadiliwa mezani. Ukingoja miaka mitatu uje kuomba uwanja, utaambiwa ulipe fidia.

Katika mkutano wa kijiji msiseme mita. Mita 90 mara 45 ni mita za mraba 4,050, yaani ekari moja, na wazee wanaijua ekari kwa miguu yao. Mkiongeza mita tatu pembezoni pande zote inakuwa ekari moja na robo hivi. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kama wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanavyoshauri, ekari moja inachukua takribani miti 28. Nilisema hivyo kwenye mkutano mmoja mwaka juzi, kwamba tunaomba eneo la mikorosho ishirini na nane kwa ajili ya watoto wote wa kata. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, ekari moja tu?" Wakatoa mbili.

Ikishatolewa, iandikwe. Uwanja uchorwe kwenye ramani ya eneo la shule kwa vipimo vyake na mwelekeo wake, kama darasa na choo vinavyochorwa, uingizwe kwenye muhtasari wa bodi, na eneo zima lipimwe na kuombewa hati. Mkuu wa shule anahamishwa, mwalimu wa michezo anahamishwa, mtendaji naye anahamishwa. Ramani inabaki kwenye faili, na kamati ya ujenzi ikikaa inakuta uwanja umeshachukua nafasi yake.

Shuleni kwetu bodi imekubali kwamba madarasa ya 2028 yatakwenda nyuma ya maabara, kwenye ule mteremko ambao 2021 hakuna aliyetaka kuugusa. Itabidi kumwaga kifusi kingi na msingi utakuwa mrefu upande mmoja. Mwezi uliopita tulisimika vigingi vya zege pembe zote nne za uwanja. Aliyemimina zege ni yule yule fundi. Alipima kona ya mwisho mara mbili, akanipa ncha ya tepu nishike, akaenda nayo mpaka kwenye ukuta wa darasa alilolijenga mwenyewe. Mita nne na nusu. Tumepanda miti mitatu upande wa magharibi, nyuma ya goli, na ikikua itamkinga kipa na jua la saa kumi na moja. Kwa sasa tumemnunulia kofia.