Umoja wa forodha ni nini? Zollverein na swali la sanduku la pamoja

Umoja wa forodha ni mapatano ya nchi mbili au zaidi kufuta ushuru kati yao na kutoza viwango vilevile kwa bidhaa zinazotoka nje. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Nchi zikifutiana ushuru tu, huku kila moja ikibaki na viwango vyake kwa wageni, hilo huitwa eneo la biashara huria, na lina tundu: mfanyabiashara atashusha mzigo kwenye nchi yenye ushuru mdogo, kisha auvushe hadi kwenye nchi yenye ushuru mkubwa. Ili kuzuia hilo inabidi kila shehena iwe na cheti cha uasili, yaani hati inayoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, na kila mpaka uwe na ofisa wa kukikagua. Umoja wa forodha huziba tundu kwa kujenga ukuta mmoja wa nje. Hapo hapo unazua swali gumu zaidi: fedha zinazolipwa kwenye ukuta huo ni za nani?

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Zollverein, umoja wa forodha wa Wajerumani ulioanza kazi tarehe 1 Januari 1834.

Baada ya Mkutano wa Vienna wa 1815, uliopanga upya mipaka ya Ulaya, hapakuwa na nchi iitwayo Ujerumani. Kulikuwa na shirikisho legelege la dola 39, zikiwemo falme, tawala ndogondogo na miji huru, na karibu kila moja ilikuwa na vizuizi vyake barabarani. Mwaka 1819 mchumi Friedrich List aliandika kwa niaba ya wafanyabiashara kwamba mtu anayetoka Berlin kwenda Uswisi hukatiza dola kumi na kulipa ushuru wa kupitisha mali mara kumi.

Prussia, ufalme mkubwa miongoni mwa dola hizo, ilianza na nyumba yake. Sheria ya Mei 1818 ilifuta ushuru wa ndani ya ufalme na kuuhamishia wote kwenye mpaka wa nje. Malighafi nyingi ziliingia bure. Bidhaa za viwandani zilikadiriwa kulipa kama asilimia 10. Kahawa na sukari zililipa zaidi. Ushuru ulitozwa kwa uzito wa mzigo, thamani haikuangaliwa. Ofisa hakuhitaji kubishana na mtu juu ya ankara, mizani ilitosha. Kasoro yake ni kwamba kilo ya kitambaa duni ililipa sawa na kilo ya kitambaa cha fahari, hivyo mzigo ukamlemea mnunuzi maskini. Tena bei za nguo ziliposhuka, kiwango kikabaki palepale, na kinga ya viwanda ikapanda bila mtu kuipandisha.

Ndani ya eneo la Prussia kulikuwa na vijidola vilivyozungukwa pande zote. Kimoja, Anhalt-Köthen, kiligoma kujiunga. Bidhaa zilipanda mto Elbe zikiandikishwa kuwa za Köthen, kisha zikatokomea Prussia kwa magendo. Mvutano huo ulidumu hadi 1828.

Wengi husema Zollverein ilizaliwa na utaifa. Wasomi na wafanyabiashara walikuwa na ndoto hiyo, ndiyo, lakini watawala waliotia saini walikuwa wakitazama hazina zao. Dola ndogo ina mpaka mrefu ukilinganisha na ukubwa wake, na mishahara ya walinzi hula sehemu kubwa ya ushuru wenyewe. Ukuta wa pamoja hupunguza gharama hiyo. Zaidi ya hapo, mapato ya forodha humpa mfalme fedha asizolazimika kuliomba bunge. Kwa wafalme wa miaka ya 1830, hiyo ilikuwa hoja tamu.

Jibu la swali la fedha lilikuwa sanduku la pamoja. Makusanyo yalijumlishwa, gharama za mpakani zikatolewa, na kilichobaki kikagawanywa kwa idadi ya watu. Kila baada ya miaka mitatu ilifanyika sensa, na sensa ikawa jambo zito, maana kila kichwa kilikuwa na thamani yake. Prussia ilipata hasara mwanzoni, ikaivumilia kwa sababu ilikuwa inanunua ushawishi. Hannover, ufalme mwingine wa Wajerumani, ilipokubali kuingia kwa mkataba wa 1851 iliahidiwa fungu kubwa kuliko idadi ya watu wake.

Mambo hayakwenda sawa kila mahali. Bia, mvinyo na tumbaku zilitozwa kodi za ndani zilizotofautiana, kwa hiyo malipo ya kufidia tofauti yaliendelea kudaiwa kwenye mipaka iliyodhaniwa kufutwa. Sukari ya miwa kutoka ng'ambo ililijaza sanduku, lakini ushuru huohuo ukawahamasisha wakulima wa ndani kulima viazisukari, na sukari yao haikupita forodhani. Kuanzia 1841 ikabidi viazisukari vyenyewe vitozwe kodi. Na katika mkutano mkuu kila mwanachama alikuwa na kura ya turufu. Dawa ya Prussia ilikuwa muda wa mikataba: ulipokaribia kwisha, ilitishia kutoihuisha. Ndivyo Bavaria na Württemberg, falme za kusini, zilivyosalimu amri kuhusu mkataba wa biashara na Ufaransa wa 1862, uliokusudiwa pia kuiacha nje Austria, mpinzani wa Prussia.

Hata hivyo, forodha moja haikuleta siasa moja. Mwaka 1866 Bavaria, Württemberg, Saxony na Hannover zilipigana upande wa Austria dhidi ya Prussia, huku ushuru ukiendelea kukusanywa. Risasi zinalia, na makarani wanajumlisha hesabu! Dola moja la Ujerumani lililotangazwa Versailles, Ufaransa, tarehe 18 Januari 1871 lililetwa na vita.

Hamburg na Bremen, miji huru ya bandari, zilibaki nje ya ukuta hadi 1888, kwa kuwa ziliishi kwa bidhaa za kupita. Ndio Wajerumani waliofahamika Zanzibar: mkataba wa 1859 na Sultan Majid ulifanywa na Hamburg, Bremen na mji mwenzao Lübeck.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza umoja wake wa forodha mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, haikufuata njia ya sanduku. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014, mzigo wa Kampala unaoshushwa Mombasa hulipiwa ushuru kwa Uganda kabla haujatoka bandarini. Fedha huifuata nchi ambako mzigo unakwenda, na hakuna anayehesabiwa kichwa.