"Mimi mgeni, kaka": Mkazi wa kodi ni nani?

Mwezi wa Juni saiba yetu hapa Malindi hujaa mpaka mlangoni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kujaza ritani, yaani fomu za kodi, za mwaka uliopita, na atakayechelewa anapigwa faini ya shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Juni 2025, katikati ya foleni hiyo, aliingia Mjerumani mmoja mchoraji wa ramani za nyumba. Vijana wa ufukweni humwita "ciao" wakidhani ni Mwitaliano, na amechoka kuwasahihisha. Alitaka tu kuchapisha tiketi yake ya ndege. Nikamtania: wewe ritani umejaza?

"Mimi mgeni, kaka. Nakuja na kaskazi, miezi michache naondoka."

Kwa lugha ya barazani amesema kweli. Sheria ya kodi ya Kenya haiulizi hivyo. Haitazami pasipoti, wala rangi, wala kibali cha uhamiaji, ambacho kina ofisi yake na maswali yake. Inatazama mambo mawili: una nyumba hapa, na umelala hapa siku ngapi.

Nchini Kenya ukazi wa kodi una milango mitatu. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya, siku yoyote utakayokuwapo katika mwaka inatosha. Usipokuwa nayo, ukifikisha siku 183 kati ya Januari na Desemba wewe ni mkazi. Huo wa 183 kila mtu anaujua, na wageni wengi huuhesabia vidole. Wa tatu ndio unaowanasa: ukiwa umekuja mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa miaka hiyo mitatu ukapita siku 122, umeshakuwa mkazi. Anayeingia Desemba mosi na kutoka Aprili 15 kila mwaka ana siku 136 au 137 katika kila mwaka wa kalenda. Hajakaribia 183, lakini sheria inamhesabu mwenyeji.

Tofauti iko kwenye kipato. Mkazi hutozwa mshahara wake hata kama kazi ilifanyika nje ya Kenya. Anayefanya biashara yake nusu hapa na nusu ng'ambo, kama yule anayekaa Shela, Lamu, na kompyuta yake akiwaandikia programu wateja wa London, faida yote huhesabiwa kuwa imepatikana Kenya. Asiye mkazi hutozwa kile tu chenye asili ya Kenya. Ila ugeni nao si kinga. Mpishi aliyeajiriwa na hoteli ya Lamu kwa miezi mitatu hukatwa kodi kwa viwango vilevile vya asilimia 10 hadi 35, na ile nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi anayopata mkazi, yeye haipati.

Sasa geuza jahazi. Kijana wa Langoni, Lamu, yuko Muscat, Oman, mwaka wa sita. Mke, watoto na nyumba viko Lamu, naye huja likizo mwezi mmoja. Huko Oman yeye ni mgeni, na mshahara wake hautozwi kodi kule. Oman imetangaza kodi ya asilimia 5 kuanzia 2028, lakini ni kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, si wauza duka. Ila kwa mlango wa kwanza, yeye ni mkazi wa Kenya kila mwaka anaokanyaga gati la Lamu. Raia wa Kenya aliyelipa kodi ya mshahara ugenini huruhusiwa kuitoa kwenye ya hapa. Yeye hakulipa kitu kule, kwa hiyo hana cha kutoa. Wengi hawalijui hili, na sijaona anayekimbilia kuwaambia.

Marekani ndiyo yenye desturi ya peke yake, karibu. Humfuata raia popote alipo, hata aliyezaliwa huko akaletwa Malindi akiwa mchanga wa kubebwa. Anayekaa nje siku 330 katika miezi 12 anaweza kuondolewa kodi kwenye mshahara wa hadi dola 130,000 kwa mwaka 2025, lakini fomu lazima ajaze.

Na nchi mbili zikimdai mtu mmoja? Hapo ndipo mikataba ya kuepuka kutozwa mara mbili inapoingia. Kenya inayo na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, India na nyinginezo. Kwa kawaida huuliza kwanza nyumba ya kudumu iko wapi, kisha maisha ya mtu yameelemea wapi.

Mjerumani wangu alirudi siku ya pili na pasipoti mbili, ya zamani ikiwa imekatwa pembe, maana mihuri ya 2022 ilikuwa humo. Tukahesabu kwenye gamba la daftari: 118 mwaka 2022, 121 mwaka 2023, 140 mwaka 2024. Jumla 379, wastani 126, umeshapita 122. Nyumba hana, hupanga. Nikamwambia mkataba huenda ukamhesabu mkazi wa kwao Ujerumani, lakini kazi aliyoichorea hapa Kenya inaweza bado kudaiwa kodi hapa, atafute mhasibu.

Akanyamaza. Kisha akaomba kalamu, akaanza kuhesabu upya ile mihuri, mmoja mmoja.